Perege si sato mdogo: jinsi ya kuwatofautisha samaki wanaofanana wa maji baridi

Ubishi ulianzia kwenye beseni. Asubuhi moja ya msimu wa kusi, bahari ikiwa chafu na changu wakiwa adimu, mama mmoja sokoni Lindi mjini alikuwa amepanga mafungu ya samaki wa maji baridi waliotoka bara usiku. Kijana wa bodaboda akainama, akamgeuza mmoja, akauliza kama ni sato. "Perege hao, mwanangu," mama akajibu. "Sato ndio hawa hawa wakishakua." Mzee aliyekuwa anasubiri pweza wake akatwe akadakia: "Hapana bibi, perege wetu tunaye tangu enzi. Sato kaletwa, huyo katoka Ziwa Victoria." Kijana akanunua fungu lake akaondoka, ubishi ukaendelea bila yeye.

Nimeusikia ubishi huo Masasi, nikausikia Kitere, na siku hizi unazidi kwa sababu watu wengi wanachimba mabwawa ya samaki. Mtu analipia vifaranga vya sato, miezi minane baadaye anavua vitu vya kulingana na kiganja cha mtoto, anasema katapeliwa kauziwa perege. Muuzaji anaapa kwamba ni sato. Mara nyingine wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo mambo yanapotaka maelezo.

Tuanze na majina. Perege, kwa matumizi yetu ya pwani na kusini, ni jina la kundi zima: samaki wa maji baridi mwenye umbo bapa, magamba makubwa, na pezi refu la mgongoni ambalo nusu yake ya mbele ni miiba ya kuchoma. Sato ni jina lililosambaa kutoka Kanda ya Ziwa, na linamtaja samaki mmoja tu ndani ya kundi hilo. Kwa hiyo kila sato ni perege, lakini si kila perege ni sato. Ni kama embe. Dodo ni embe, lakini sindano nalo ni embe, na hakuna mtu wa Lindi atakayekaa chini ya mti wa sindano akisubiri yale maembe yakue yawe dodo.

Mfano huo una kasoro moja na ni vizuri niitaje mapema. Dodo na sindano ni aina mbili za mti uleule, wakati sato na perege wetu wa asili ni spishi tofauti. Spishi, kwa maneno mepesi, ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao huko waliko, vizazi kwa vizazi, mpaka wakawa na sura na tabia zao. Simba ni spishi, chui ni nyingine. Wanasayansi huipa kila spishi jina la sehemu mbili, la ukoo likitangulia kama kwenye fomu za ofisini. Sato ni Oreochromis niloticus. Oreochromis ni ukoo. Niloticus maana yake wa Mto Nile, na hapo mzee wa pweza anapata alama zake. Sato si mwenyeji wa kusini. Hata Ziwa Victoria, tunakodhani ndiko kwao, alipandikizwa katika miaka ya 1950. Perege wenyeji wa ziwa lile ni ngege na mbiru, ambao leo mtu wa Mwanza mwenye miaka 20 anaweza kuwa amewasikia tu kwa babu yake.

Sasa turudi kwa mama na lile neno lake, kwamba perege ni sato ambaye hajakua. Ndilo kosa lililoenea kuliko yote, na linaeleweka, kwa sababu jicho la binadamu hupima kwanza ukubwa. Kuku mdogo ni kifaranga, mbuzi mdogo ni mwanambuzi, basi na samaki mdogo ni mtoto. Kwa samaki wa ukoo huu kanuni hiyo haifanyi kazi. Sato anayeishi kwenye ziwa kubwa lenye chakula cha kutosha anaweza asizae mpaka afike gramu 350 hadi 500. Mchukue sato huyohuyo, mtie kwenye kibwawa kilichojaa wenzake, chakula haba: atadumaa, na atazaa akiwa na gramu zisizofika 20. Yaani uzito wa vijiko vichache vya sukari, naye ni mama wa watu.

Ndiyo maana yule mfugaji aliyesema katapeliwa anaweza kuwa alinunua sato halisi na akavua vidagaa. Aliweka majike na madume pamoja, wakazaliana, bwawa likajaa, kila mmoja akapata tonge nusu. Hakuuziwa spishi nyingine. Kwa upande wa pili, wapo perege wa asili ambao ni wadogo kwa maumbile, na hata ukiwalisha pumba na dagaa mwaka mzima hawatamfikia sato. Kwa hiyo unaweza kuwa na samaki wawili wa urefu uleule mkononi, mmoja sato aliyedumaa, mwingine perege mzima aliyefika mwisho wa ukuaji wake. Mizani haitakwambia lolote.

Mdomo unaweza kukuambia. Majike wa ukoo wa Oreochromis huatamia mayai mdomoni. Dume huchimba shimo la duara kwenye mchanga au tope, kama sahani, analilinda na kujipamba kwa rangi; jike hushuka, hutaga, kisha huyakusanya mayai kwa mdomo na kuondoka nayo. Watoto wakishaanguliwa nao hukaa humohumo kwa siku kadhaa, wakitoka kidogo na kurudi mbio kinywani hatari ikitokea. Ukimpata samaki mdogo ambaye taya lake la chini limetuna kama mtoto aliyeficha ubuyu, mfungue taratibu. Ukiona punje za rangi ya manjano, una samaki mzima mkononi, awe wa inchi nne au awe wa kilo. Wavuvi wa nyavu hulijua hili, maana jike akihangaika wavuni huyatema mayai ndani ya mtumbwi. (Wapo wanaodhani jike anakula watoto wake. Hapana, siku hizo hata chakula cha kawaida anakula kidogo mno.)

Lakini mdomo unatupa umri tu. Spishi tutaisoma mkiani.

Wanawake wa pwani huitambua kanga kwa pindo kabla hawajasoma jina lake. Sato naye mtambue hivyohivyo. Mshike kichwa kwa mkono wa kushoto, kwa vidole vya kulia utandaze mkia wake kama unavyotandaza upepeo. Mkia wa sato una mistari myembamba ya wima, myeusi kwa kijivu, inayofuatana kwa nafasi zinazolingana tangu shina la mkia mpaka ukingoni. Ni mistari, si madoa, na imejaa mkia wote. Huanza kuonekana mapema, na hubaki hata samaki akishakufa na kulala kwenye barafu. Perege wengine wa mito yetu ya pwani wana mkia mtupu, au wenye madoa yaliyotawanyika, au mistari iliyokatikakatika isiyo na mpango. Ukiona pindo limekaa sawasawa kama limepigwa rula, huyo ni sato.

Rangi ya mwili usiitegemee sana. Samaki hawa hubadilika kwa saa. Dume anayelinda shimo lake anaweza kuwa mweusi au mwekundu wa kuvutia; mkamate, mtupe ndani ya mtumbwi, na kabla hujafika ufukweni amekwishapauka akawa wa kijivu kama wengine. Michirizi mipana ya ubavuni nayo huja na kuondoka kwa hofu na hasira. Nimeona watu wazima wakigombana kwamba "huyu mweusi ni spishi nyingine", kumbe ni dume na jike wa nyumba moja.

Kuna alama nyingine inayopotosha, hasa wanunuzi wa vifaranga: doa jeusi nyuma ya pezi la mgongoni. Baadhi ya perege wa ukoo mwingine, ule unaolinda mayai chini badala ya kuyaweka mdomoni, hubaki na doa hilo wakiwa wakubwa, kwa hiyo watu husema "mwenye doa si sato". Kwa samaki mkubwa kauli hiyo ina msingi. Kwa kifaranga haina, kwa sababu watoto wa ukoo wa sato nao huzaliwa na doa lilelile na hulipoteza wakikua. Kwenye ndoo ya vifaranga wa sentimita tatu, hata mtaalamu hubahatisha. Afadhali ununue mahali ambapo unaweza kuonyeshwa wazazi.

Mpaka hapa ningeweza kuishia, ukaenda sokoni na kanuni ya mkia. Tatizo ni Rutamba.

Ziwa Rutamba, ambalo vibandiko vya zamani vya wakusanya mimea huliandika Lutamba (sisi watu wa kusini na l zetu na r zetu, tumsamehe aliyeandika), liko kilomita kama 40 magharibi mwa Lindi mjini. Katika eneo hilohilo la mkoa kuna maziwa mengine madogo, Nambawala na Mitupa. Kati ya 2013 na 2016 watafiti wa Tanzania na wa Uingereza walivua huko wakakuta perege mdogo ambaye hawakumtarajia. Alifanana na samaki aitwaye Oreochromis korogwe. Kama jina linavyosema, huyo ni samaki wa Tanga: alielezwa kisayansi mwaka 1955 na Rosemary Lowe, na alijulikana kutoka maji ya kule kama Mto Pangani na Mto Zigi. Kutoka Pangani mpaka Rutamba unavuka Wami, Ruvu, Rufiji, Matandu na Mbwemkuru, na katikati hapo huyo samaki hayupo.

Dhana ya kwanza ambayo ingemjia yeyote ni kwamba kuna mtu alimleta. Bwana samaki fulani wa zamani, ndoo mbili, lori. Watafiti walikwenda kwenye vinasaba, yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, wakalinganisha wa Tanga na wa Lindi.

Jinsi wanavyopiga hesabu yake ni hivi. Chukua daftari moja la kaswida, wape ndugu wawili kila mmoja nakala yake. Mmoja ahamie Tanga, mwingine abaki Lindi. Kila kizazi kinanakili kwa mkono daftari la wazazi wake, na kila mnakili anakosea herufi moja mbili. Makosa ya Tanga yanabaki Tanga, ya Lindi yanabaki Lindi. Baada ya muda ukiyaweka madaftari mawili mezani, idadi ya tofauti itakuambia takriban wameachana lini. Kwa perege wa Rutamba na ndugu yake wa Zigi, hesabu ilikuja kama miaka 140,000. Hakuna bwana samaki wala lori wa wakati huo. Samaki wa Lindi amekuwa wa Lindi kwa muda huo wote, ana umbo lake, na ana urithi wake ambao hauko popote pengine.

Habari hiyo ilichapishwa mwanzoni mwa 2021, na iliambatana na nyingine isiyofurahisha. Katika maziwa yote matatu walikuta pia machotara wa perege huyo na sato.

Neno chotara tunalijua kwa kuku. Jogoo wa kisasa akimpanda kuku wa kienyeji, vifaranga wanatoka na miili mikubwa kidogo na manyoya ya mchanganyiko. Wauzaji wanawaita chotara, na kila mtu ameridhika. Waachie hao chotara wazaane na kuku wa kijijini kwa miaka 10 bila kuwachagua, halafu mtafute kuku wa kienyeji asiye na damu ya nje. Utapata kuku mwenye sura ya kienyeji kabisa ambaye bibi yake mzaa bibi alitoka kwenye boksi la vifaranga wa kampuni. Sura imerudi, damu haijarudi. Sato na perege ndivyo walivyo. Chotara wa kwanza anaweza kuonyesha mistari nusu mkia. Mjukuu wake anaweza asiwe na mstari hata mmoja. Ndiyo maana watafiti hawakuridhika na jicho. Waliwapima umbo, kisha wakawasoma vinasaba, na wakaona mchanganyiko haujasambaa sawasawa: kuna sehemu za ule urithi zimeingiliwa sana na sehemu ambazo bado ni za perege.

Hapa msomaji makini atanibana. Shuleni si tulifundishwa kwamba spishi mbili tofauti hazizai uzao unaozaa? Farasi na punda wakipata mtoto ni nyumbu (yule wa kubeba mizigo, si wa Serengeti), na nyumbu huyo ni tasa. Sasa sato na perege wakizaa na watoto wakazaa, si basi ni spishi moja?

Swali zuri, na jibu lake ni kwamba kanuni ya nyumbu ni ya darasani zaidi kuliko ya mtoni. Viumbe wengi waliotengana kwa muda wa kati, mrefu wa kutosha kuwa na maisha tofauti lakini si mrefu wa kufunga kabisa uzazi, bado wanaweza kuzaana wakikutanishwa. Kilichowatenga perege wetu hakikuwa utasa bali ni jiografia. Samaki wa maji baridi hapiti baharini kutoka mto mmoja kwenda mwingine kirahisi, hapandi kilima. Rufiji ina perege wake, Ruvuma ina wake, Pangani ina wake, kila bonde kama ua uliozungushiwa makuti. Ndani ya ua jike pia huchagua dume kwa rangi na kwa shimo alilochimba. Binadamu alipokuja na ndoo alizifungua nyua zote kwa mkupuo. Na ndoo hizo zilibebwa kwa nia njema: kwa miaka mingi sato na mwenzake mwenye madoa meupe mapezini, Oreochromis leucostictus, naye wa maziwa ya magharibi mwa Uganda, wamepandikizwa katika mabwawa na mito ya Tanzania ili watu wapate kitoweo.

Kwa hiyo perege wa Rutamba anaweza kwisha bila ziwa kukosa samaki hata siku moja. Hilo ndilo linalonisumbua mimi. Ngege alipopungua Ziwa Victoria, wazee waliona, kwa sababu alikuwa na jina lake. Kwetu wote wanaitwa perege. Mvuvi atakuwa anarudi na kapu lilelile, mama sokoni atauza kwa jina lilelile, na aliyekuwemo ndani ya jina atakuwa amebadilika.

Nigusie haraka mambo mawili yanayochanganywa na haya. La kwanza, "samaki wa kufugwa" si spishi. Sato wa bwawani na sato wa ziwani ni samaki mmoja, kinachotofautiana ni chakula na nafasi. La pili, vifaranga wa dume tupu. Watotoleshaji wengine huwapa vifaranga chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo, ili wote wakue kama madume na bwawa lisijae watoto. Kutoka hapo kumezaliwa uvumi kwamba mlaji wa sato anameza dawa. Dozi hiyo hutolewa wakati samaki ni mdogo kuliko ukucha, kisha anakaa miezi akilishwa chakula cha kawaida kabla ya kufika kwenye sufuria yako. Na haimbadilishi kuwa spishi nyingine. Ni sato, dume.

Lakini usimchukulie dume tupu kuwa kinga ya maziwa yetu. Kazi ile mara chache hufanikiwa kwa asilimia 100, na dume wa sato akitoroka anahitaji jike wa perege mmoja tu. Anayechimba bwawa bondeni Lindi au Mtwara akumbuke maji yanavyokuja. Mafuriko ya Januari 2020 mkoani Lindi yaliondoka na nyumba na mifugo. Tuta la bwawa la samaki lingekuwa nini? Chimba juu ya pale maji ya masika yanapofika, weka wavu kwenye bomba la kutolea maji, na ukichoka kufuga usiende kuwamwaga waliobaki ziwani kwa huruma. Kaanga.

Wiki mbili baada ya ule ubishi nilirudi kwa yule mama. Alinikumbuka. "Mwalimu wa mikia," aliniita, akaniachia beseni nichambue. Nikatandaza mmoja mmoja. Sato, sato, sato. Wa nne mkia mtupu, nikamweka pembeni. Wa saba mistari ilianza vizuri juu, ikashuka mpaka katikati, halafu ikapotelea kwenye madoa.

"Na huyo?" mama akauliza.

Nikamgeuza, nikamtazama upande wa pili, nikarudi tena mkiani. Nikamwambia mimi kwa macho haya sijui.

"Basi mrudishe kwenye fungu," akasema, "bei yao ni moja."

Nikamrudisha.